Dirisha la Chumba cha Mzazi

Mwaka huu, wiki chache kabla ya masika, mchungaji wetu hapa Kibaha aliniomba niandike tangazo la kusomwa kanisani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na katibu wa kikundi cha akina mama usharikani, kwa hiyo karatasi nyingi za aina hiyo huishia mezani kwangu. Alitaka tahadhari za msimu wa mvua kwa familia, za barabarani na za nyumbani.

"Ukurasa mmoja tu, mwalimu," alisema. "Watu wasichoke."

Za barabarani niliziandika nimesimama, kikombe cha chai mkononi. Usivuke maji usiyoona chini yake. Usikubali mishikaki, yaani watu watatu juu ya pikipiki moja, hata kama ni jirani anakusaidia. Vaa kofia na uifunge. Mtoto asikimbie kuvuka barabara kuu kwa sababu mvua imemkuta, dereva wa lori hamwoni. Nilipofika za nyumbani nikakaa chini. Niliandika kuhusu nyaya za umeme zilizoanguka na mashimo yaliyoachwa wazi uani. Kisha nikaandika, "Jiko la mkaa lisiingizwe", na hapo nikashindwa kuendelea. Chai ilipoa.

Mdogo wangu alijifungua katikati ya masika, miaka kumi na minne iliyopita, kijijini kwetu Masaki, Kisarawe. Mumewe alikuwa mkoani kwenye kazi ya ujenzi, hivyo alikuja kukaa kwa mama yetu. Alijifungulia zahanati, akarudishwa nyumbani kesho yake, yeye na binti yake wakiwa wazima. Shule zilipofungwa nikaenda kumsaidia mama kumlea mzazi.

Mume wangu anaogopa barabara za mvua. Asubuhi ile alinipigia simu mara tatu kabla sijafika Kisarawe mjini.

"Usipande mishikaki."

"Sipandi."

"Na ukikuta maji juu ya barabara, shuka. Usimsikilize dereva."

"Nimekusikia, mume wangu."

Nilimsikia kweli. Nilichagua bodaboda mtu mzima, nikavaa kofia yake iliyonuka jasho, nikamkatalia asipakie abiria wa pili. Karibu tufike Masaki tulikuta kijito kimepanda, maji yanapita juu ya kalavati, ya rangi ya chai ya maziwa.

"Dada, hapa nimevuka mara nne tangu asubuhi," dereva aliniambia.

"Vuka wewe. Mimi nasubiri."

Nilisubiri chini ya mkorosho zaidi ya saa nzima. Yeye naye akasubiri, amenuna, akichokonoa tope kwenye matairi kwa kijiti. Maji yalipopungua hadi tukaona saruji, tukavuka. Nilipofika nyumbani nikampigia mume wangu. "Nimefika salama," nilimwambia. Nakumbuka nilivyolitamka hilo neno salama. Nililitamka kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Chumba cha mzazi kilikuwa cha mwisho, kile ambacho baba alikijenga kwa tofali za saruji kabla hajafariki. Mama alikuwa amekiandaa kwa mapenzi. Ile nafasi inayobaki kati ya ukuta na bati aliiziba kote kwa magunia, ili upepo wala mbu wasimfikie mtoto. Dirisha lilikuwa moja, la mbao nzito, lenye komeo la chuma. Karibu na mlango kulikuwa na jiko la mkaa, na juu yake tenga lililopinduliwa, nepi zimetandazwa zikikauka. Kwetu mzazi hukaa na joto. Hakuna aliyefikiri vingine.

Baba alichoma mkaa maisha yake yote, na mama anaujua mkaa kama wengine wanavyoujua mchele. Alikuwa akigonga kipande kwa kipande na kusikiliza. Niliposema chumba kina joto sana alicheka.

"Huu ni wa mti mgumu, umekolea. Hautoi moshi. Angalia mwenyewe, unaona moshi?"

Sikuona moshi.

Siku ya tatu baada ya mimi kufika, asubuhi, alikuja jirani yetu, mjane aliyekuwa akiimba na mama kwaya ya wazee. Alileta chupa ya uji wa pilipili manga alioupika kwa ajili ya mzazi. Mdogo wangu alikunywa vikombe viwili, akalamba midomo, akamwambia, "Mama, kesho ulete tena, huyu dada yangu anapika uji kama gundi." Tukacheka sote. Jirani akaondoka kabla ya wingu kushuka.

Mvua ilianza tukiwa tumeshakula mchana. Upepo uliisukuma ikaingia dirishani na kulowesha miguu ya kitanda. Mtoto alikuwa analia. Mdogo wangu macho yalikuwa yamemwingia ndani kwa kukosa usingizi.

"Dada, mchukue nilale kidogo," alisema. "Kidogo tu."

Nilimfunga mtoto kifuani kwa kanga. Nilikwenda dirishani nikalifunga, na nikasikia komeo likiingia mahali pake. Kisha nikatoka na kuurudisha mlango, sauti zetu za barazani zisimwamshe.

Mama alikuwa barazani akimenya mihogo. Nilikaa karibu naye. Mtoto akalala. Tuliongea mambo ya kawaida kabisa: bei ya korosho, mtoto wa shangazi anayetaka kuoa, bati linalovuja jikoni. Ilipita saa moja, ikapita ya pili. Mara moja mama alisema, "Leo amelala vizuri, mwache." Nikamwacha. Mvua ilipopungua mtoto akaanza kutafuta ziwa, akanyonya kidole changu kwa hasira, ndipo nikaingia ndani.

Alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu, kama alivyolala tangu tukiwa watoto tukigombania shuka. Midomo yake ilikuwa na wekundu. Kitu cha kwanza nilichofikiri, na hili sijawahi kumwambia mtu, ni kwamba amenawiri. Nilimwita. Nikamgusa bega. Bega lilikuwa na joto la chumba, halikuwa na joto lake. Kichwa kilianza kuniuma palepale, nikadhani ni hofu.

Sijui nilipiga kelele gani. Mama aliingia, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye kifua cha mwanawe. Akainua uso na kuniambia kwa sauti ya chini sana, "Kimbia barabarani. Tafuta mwenye gari." Nilikimbia na mtoto kifuani, pekupeku, kwenye tope. Nilirudi na mwanamume mwenye kirikuu ya kubebea mizigo, na majirani wengine watano au sita nyuma yetu. Tulipoingia chumbani dirisha lilikuwa wazi kabisa. Jiko lilikuwa nje uani, mkaa ukitoa sauti kila tone la mvua lilipouangukia.

Zahanati hawakuwa na la kufanya. Mganga alimfungua macho, akamfumba. Akamtazama mama.

"Ndani kulikuwa na jiko?"

"Lilikuwepo."

"Na dirisha?"

"Lilikuwa wazi," mama alijibu.

Mganga alinigeukia mimi. Nilikuwa nimeliona dirisha wazi kwa macho yangu mawili, na watu sita walikuwa wameliona. Nikainamisha kichwa. Aliandika kitu kuhusu matatizo baada ya kujifungua, tukamrudisha mdogo wangu nyumbani kwa gari lilelile lililotuleta.

Tulimzika pembeni ya baba. Kabla matanga hayajaisha nilisikia wanawake wakinong'ona kisimani. Mzazi mzima hafi hivihivi usingizini. Alikula nini? Alikunywa nini? Nani alileta? Hakuna aliyetamka neno uchawi mbele ya mchungaji, lakini kwenye matanga yenyewe, jirani yetu alipokaa kumenya vitunguu pamoja na wenzake, wenzake waliinuka mmojammoja wakidai kwenda kuchota maji. Alibaki peke yake na beseni la vitunguu. Alivimenya vyote. Vikapikwa vingine.

Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu. Nilipokwenda Masaki likizo iliyofuata, nilikuta baada ya ibada wanafanya mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka. Kuku alinunuliwa, mananasi yakanunuliwa. Ulipoinuliwa muhogo wa jirani, mzuri, mnene, watu wakatazama chini. Mzee wa kanisa aliutaja mara tatu, kisha akautolea hela yeye mwenyewe ili kumaliza aibu. Jirani alikuwa amesimama mstari wa mbele, mikono imeshikana. Miaka miwili baadaye alihama. Mwanawe alikuwa amepata kazi kiwandani Zegereni, akamchukua.

Na mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi. Nilijua vizuri kwamba mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa hutoa sumu isiyoonekana wala kunuka. Nilikuwa nawaandikia watoto ubaoni. Lakini dirisha lilikuwa wazi. Nililiona. Basi labda sikulifunga. Labda niliota kwamba nimelifunga. Nilikuwa naligeuza jambo hilo kichwani nikisahihisha madaftari, nikisubiri gari, nikiimba zaburi. Kuna siku nilikuwa na hakika nimelifunga, kuna siku nilikuwa na hakika sikulifunga. Siku zote mbili zilikuwa mbaya.

Watu wengi hukumbushwa wafu wao na harufu, mafuta ya nywele, sabuni, kanga iliyokaa sandukuni. Mimi mdogo wangu alinijia pale ambapo hapakuwa na harufu yoyote. Naweza kuwa ofisini na walimu wenzangu, nje mvua, madirisha yamefungwa, mtu anasimulia kichekesho, na ghafla nikagundua kwamba sinusi kitu. Nainuka na kufungua dirisha. Wenzangu walizoea. "Mwalimu na madirisha yake," walisema, na kuzuia karatasi zao zisipeperuke. Na mara nyingine, katikati ya kelele za darasa zima, nilisikia komeo likiingia mahali pake, taratibu, nyuma ya bega langu.

Mtoto nilimlea mimi hapa Kibaha. Baba yake alioa tena, akakubali, na huja kumwona kila mwaka. Tulimwambia mama yake alifariki baada ya kujifungua, jambo ambalo si uongo.

Jioni ile ya tangazo alinikuta na karatasi yangu mezani. Yuko kidato cha pili, ana mwandiko mzuri kuliko wangu, na huninakilia matangazo. Alisoma hadi mwisho, pale nilipokwama.

"Lisiingizwe wapi, mama mkubwa?"

"Chumbani. Andika, lisiingizwe chumbani pakiwa pamefungwa."

Aliandika. Kisha akauliza, "Hata kama halitoi moshi?"

"Hata kama halitoi moshi."

"Sasa mtu anajuaje?"

"Hajui."

Aliweka kalamu chini. "Bibi aliniambia siku ile mvua ilikuwa inanyesha, na mama alikuwa na jiko chumbani, anaota moto." Hakulia wala hakupandisha sauti. Alikuwa ananitazama tu, kama anavyotazama swali la hesabu ambalo jibu lake ameshaliona. "Mama mkubwa, dirisha lilifungwa?"

Nilimwambia nitamjibu, lakini mtu wa kumuuliza kwanza ni bibi yake. Jumamosi tukaenda Masaki sote wawili.

Mama sasa amezeeka, haoni vizuri. Tulimkuta barazani. Tulimwamkia, akatushika mikono na kuichelewesha mikononi mwake kama kawaida yake. Sikusubiri chai.

"Mama, nataka kukuuliza jambo la siku ile. Lile dirisha nililifunga?"

Kuku walipita mbele yetu wakakata kona ya nyumba.

"Ulilifunga," alisema.

"Nililikuta wazi."

"Nililifungua mimi ulipokimbia. Na jiko nikalitoa."

"Kwa nini, mama?"

"Nilikuwa nimebakiwa na mtoto mmoja." Alifuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Wangekuuliza, na wewe hujui kudanganya. Nikaona ni heri usijue. Ulilifunga dirisha kwa sababu mvua ilikuwa inaingia ndani. Magunia niliyaweka mimi. Moto niliuwasha mimi. Nilikwambia mimi hautoi moshi. Nikuache wewe ndiye usemwe kijiji kizima?"

"Wakamsema jirani."

"Sikujua watamgeukia yeye. Walipomgeukia, nilikuwa nimeshasema lilikuwa wazi. Nimeshamwambia mganga, nimeshamwambia mchungaji. Nilinyamaza."

Binti wa mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye nguzo ya baraza. Alitoka, akaenda mpaka makaburini, nikamwona kwa mbali amesimama akiwa amejikumbatia. Sikumfuata. Aliporudi alimuuliza bibi yake jambo moja tu.

"Saa ile, mimi nilikuwa kwa nani?"

"Kwa mama yako mkubwa. Alikuwa amekufunga kifuani."

Alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa, akaingia jikoni kuinjika chai. Nilisikia akikohoa kwa moshi wa kuni, na mlango wa banda la kupikia ukiwa wazi, na bado sikuweza kutulia mpaka alipotoka.

Wiki iliyofuata nilimleta mama Kibaha, tukaenda Zegereni, watatu. Mjane yule anakaa na mwanawe kwenye nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya viwanda. Malori yalikuwa yakipita mfululizo, majani ya mipapai yamekuwa meupe kwa vumbi licha ya mvua ya jana yake. Alimtambua mama kwa sauti. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akatafuta viti mwenyewe na kukataa kusaidiwa.

Mama alisema yote bila kuzunguka. Alisema dirisha lilikuwa limefungwa, kwamba yeye ndiye aliyelifungua, kwamba mwanawe aliuawa na hewa ya mkaa na wala si na mtu. Alipomaliza, mjane alikaa akitazama mikono yake.

"Mimi niliamini ni uji," alisema.

Mama akashtuka. "Uliamini wewe mwenyewe?"

"Watu hawawezi kukukimbia wote hivyo bila sababu, nilijiambia. Nikawa naupika kichwani kila siku. Maziwa yalikuwa ya asubuhi. Sufuria niliisugua. Pilipili manga nilinunua nzima nikatwanga. Nikasema labda maziwa. Labda mjusi aliingia. Sijapika uji tena. Wajukuu zangu wanapikiwa na mama yao, hawajui kwa nini."

Lori likapita.

"Na ulikuwa unanipa mkono kanisani," akamwambia mama.

"Nilikupa."

"Miaka miwili, kila Jumapili."

"Ndiyo."

Sikusikia neno samahani likikubaliwa siku ile, na sitaliandika hapa kana kwamba nililisikia. Alimwita binti karibu, akamshika kidevu, akasema, "Meno ni ya mama yako." Kisha akamgeukia mama. "Umekuja kuniambia mimi. Mimi hapa hakuna anayenijua kwa ubaya. Nenda ukaseme kule."

Mama alikwenda akasema. Alimwomba mchungaji wa Masaki nafasi baada ya matangazo, akasimama mbele akishikilia benchi la kwanza, nami nikiwa nyuma yake. Alisema kwa maneno machache kuliko aliyoyasema Zegereni. Wazee wengine waliguna kwamba mambo ya zamani yaachwe. Kuna wanawake wawili ambao tangu siku ile hawamsalimii. Mmoja kati yao ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka kwenye vitunguu, na nadhani hasira yake ni ya kufanywa ajue alichofanya. Mzee wa kanisa aliyenunua ule muhogo alitoka nje kabla ya baraka, akakaa kwenye ngazi. Mjane hakurudi Masaki, wala sidhani atarudi. Mama humpigia simu kila Jumapili alasiri. Mara nyingine inapokelewa.

Tangazo langu nililisoma Kibaha Jumapili ya kwanza ya mvua. Nilisoma za barabarani, nikasoma za nyaya na mashimo. Nilipofika kwenye jiko niliweka karatasi chini. Niliwaambia: mkaa uliokolea vizuri, ule msafi mnaousifia, ndio utakaowadanganya. Mzazi na mtoto mchanga wapate joto la nguo na la watu. Jiko likae nje. Mtu akisikia kichwa kinamuuma chumbani na moto upo, asifikiri ni uchovu, afungue na atoke. Nikawaambia nalijua hili kwa sababu nilifunga dirisha. Sikueleza zaidi. Baadaye kijana mmoja aliyeoa karibuni alinifuata nje na mkewe mjamzito, akaniuliza kama mlango peke yake ukiwa wazi inatosha. Nikamwambia hapana, lisiingie kabisa.

Nilidhani kusema kungenyamazisha kile ninachokisikia nyuma ya bega langu. Kimepungua. Hakijaisha.

Binti yetu hakubadilika sana, anasoma, anacheka na simu yake, anagombana na mume wangu kuhusu sketi. Ila mvua ikianza mchana, tukiwa nyumbani, huniita kutoka chumbani kwake, ambako hakuna jiko wala halitakuwepo.

"Mama mkubwa?"

"Naam."

Hasemi anataka nini. Bati linapigwa na mvua, naendelea na madaftari yangu. Baada ya muda ananiita tena, na mimi naitika.